Kalamu ya DS na dole gumba la simu: tachi imezinogesha gemu za mkononi au imeziharibu?

Mzee wa Kalamu (mleta uzi)

Wakuu, heshima zenu.

Kwenye uzi wa PES (zile gemu za mpira wa miguu) za simu ubishi umekuwa mkubwa mpaka mada yenyewe imesahaulika, kwa hiyo nimeona tuuhamishie hapa. Hoja ni hii: kucheza kwa kugusa kioo kumezinogesha gemu za mkononi, au kumezitoa ladha? Wengi wanajibu kwa kuangalia simu tu. Tukianzia kwenye simu tutakesha, maana tachi ilishapimwa vizuri kabla simu za kupangusa hazijatufikia. Ilipimwa kwenye Nintendo DS, ile mashine ya gemu ya mkononi. Tuanzie huko.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Tachi ni tamu pale mkono unapofanya kazi ambayo batani haiiwezi: kuchora, kukata, kuchagua kitu kimoja kati ya hamsini vilivyotapakaa kwenye kioo. Ikigeuzwa kuwa picha ya batani, ni hasara tupu. Na kuna la pili ambalo silisikii likisemwa: sifa nyingi wanazopewa vioo vya kugusa kwa ajili ya DS zilistahili kwenda kwa kalamu, na kwa kile kioo cha pili.

DS iliingia sokoni Marekani Novemba 2004, Japani mwezi uliofuata. Haikuwa ya kwanza. Kampuni ya Tiger ilishatoa game.com mwaka 1997, na kalamu yake na kila kitu, ikafa bila mtu kuililia. DS ikaja kuuzwa zaidi ya milioni 154. Ina vioo viwili, cha juu na cha chini, na kinachogusika ni cha chini peke yake.

Kile kioo si ndugu wa kioo cha simu yako. Ni tabaka mbili nyembamba zilizoachana kidogo. Ukibonyeza zinakutana, mashine inajua umebonyeza wapi. Kwa hiyo kinataka nguvu kidogo, ila hakichagui: kalamu, ukucha, kifuniko cha biki, vyote kinavipokea, na shabaha yake ni ya nukta. Kasoro ni kwamba kinasoma sehemu moja tu kwa wakati mmoja. Cha simu, tangu ile iPhone ya 2007, kinasoma umeme wa mwili. Vidole kadhaa kwa pamoja havikisumbui, lakini ile kalamu ya plastiki ya DS hakiioni kabisa, na kinachobaki ni ncha ya kidole, ambayo ni nene na inaficha kile unachotaka kukigusa.

Nintendo wenyewe walianza vibaya. Super Mario 64 ya mwaka 1996 iliumbwa kwa analogi (kile kijiti cha kusukuma kwa dole gumba) ya N64, mashine yao ya kuchomeka kwenye tivii. Walipoihamishia DS, mashine haina analogi, ina msalaba tu, yaani zile batani za mwelekeo. Dawa yao ikawa kamba ya kuvaa kwenye dole gumba yenye kinundu, unasugua kioo Mario anakufuata. Kwenye maelezo inapendeza. Kwenye daraja jembamba unagundua kwamba kioo hakikwambii dole lako liko katikati au limeshavuka mpaka, analogi halisi inakwambia kwa sababu inakusukuma irudi katikati. Unatazama dole, Mario anaanguka. Huo ndio ugonjwa wote wa tachi, na ulionekana siku ya kwanza.

Miezi michache baadaye, 2005, ikaja Kirby: Canvas Curse, na hapo nikaelewa kumbe inawezekana. Kirby amefanywa mpira, hana mkono wala mguu, na humwendeshi. Unamchorea njia kwa kalamu, yeye anabingirika juu yake kuelekea ulikoivutia. Risasi zikija unachora ukuta mbele yake. Wino una kipimo, ukiutapanya unaisha akiwa juu ya shimo. Ipe gemu hii pedi ya batani ya kisasa kuliko zote duniani, haichezeki.

Halafu The Legend of Zelda: Phantom Hourglass, 2007. Hii naomba nikae nayo kidogo. Link, shujaa unayemchezesha, anaenda unakomwelekeza na kalamu. Bumerangi unaichorea njia yake: izunguke nguzo, ipige swichi ya nyuma, irudi. Lakini utamu wenyewe uko kwenye ramani. Kuna hekalu moja, Temple of the Ocean King, gemu inakurudisha humo mara kwa mara na muda unahesabiwa. Unaruhusiwa kuandika juu ya ramani. Basi unaweka mishale mlinzi anakopita, unazungushia sanduku ulilolikosa, unaandika namba za mpangilio wa swichi. Ukirudi, mwandiko wako mwenyewe unakungoja. Ramani yangu ilijaa makorokocho ambayo mtu mwingine asingeambulia kitu.

Na kuna sehemu moja wanakutaka uhamishe alama kutoka ramani ya kioo cha juu kwenda ya chini. Unagonga, unasugua, unapuliza, wapi. Jibu: unaifunga mashine, vioo vikutane uso kwa uso, ukifungua alama imegongwa. Sijui ni nani aliyelala akaota hilo, ila alistahili nyongeza ya mshahara.

Hata hiyo Zelda haikuwa malaika. Kubiringika unachora viduara vidogo pembeni ya kioo, na mara nyingi inakataa, unabaki unachora chapati.

Sasa mfano wa tachi ya kulazimishana: Castlevania: Dawn of Sorrow, 2005. Gemu ya batani kabisa, nzuri mno. Unapigana na bosi, yaani adui mkubwa, kwa msalaba na batani, vidole vimekaa sawa, bosi anakaribia kufa, ghafla unaambiwa chora muhuri. Kalamu iko wapi? Iko kwenye tundu lake nyuma. Wengine tulichora kwa ukucha. Ukikosea, bosi anarudishiwa damu. Iliyofuata, Portrait of Ruin ya 2006, wakaliondoa, na sikusikia mtu akiomba lirudishwe.

Mikono nayo. Metroid Prime Hunters ya 2006 unalenga kwa kalamu mkono wa kulia, na shabaha yake ni kali kuliko analogi yoyote ya wakati ule. Lakini mashine nzima imebebwa na mkono wa kushoto, ambao huo huo unatembeza kwa msalaba na kufyatua kwa L, batani ya kona ya juu kushoto. Vidole vinakufa ganzi. Kid Icarus: Uprising ya 3DS, mrithi wa DS, 2012, mtindo ule ule, na Nintendo waliweka stendi ndani ya boksi la gemu. Kampuni ikikuuzia gemu ya mkononi pamoja na kitu cha kuiwekea mezani, ujue wanajua.

Nifike kwenye simu. PES ndani ya PPSSPP, ambayo nusu ya jukwaa hili inaicheza. PPSSPP ni programu ya simu inayoigiza PSP, mashine ya mkononi ya Sony, na PSP haikuwa na tachi hata chembe. Kwenye PSP yenyewe kidole cha shahada cha kulia kinakaa juu ya R, batani ya kona ya juu kulia, muda wote, ndiyo mbio. Dole gumba linabaki na pasi, shuti, krosi na pasi ya kupenyeza. Kazi mbili, vidole viwili. Kwenye simu R ni picha kwenye kona ya juu, na dole gumba lile lile linaombwa liiache X ya pasi lipande kule, lirudi, lipande. Aidha unakimbia au unatoa pasi. Na winga akikimbia sehemu ya chini ya uwanja, dole lako la kushoto limemfunika na beki wake. Ukicheza Kirby, kilichofunika kioo ni ncha ya kalamu.

Kwa hiyo tusiseme tachi kwa ujumla. Karibuni, mje na hoja.

Ngosha 88

Nimeweka kambi. Mrefu lakini nimesoma wote.

Vidole Vinne

Mkuu, kwenye DS nakusalimu, ila kwenye simu umetuonea. Umeipima tachi kwa gemu ya PSP, ambayo walioiunda hawakuifikiria tachi. Ipime kwa gemu za bunduki kama PUBG Mobile ya 2018 au COD Mobile ya 2019, zilizotengenezwa kwa ajili ya kioo.

Nikueleze ninavyoshika. Simu imelala kwenye vidole vya kati. Shahada ya kushoto inafyatua, shahada ya kulia inafungua darubini na kuruka. Dole gumba la kushoto linatembeza, la kulia linageuza macho. Kazi nne kwa mpigo. Sasa wewe wa pedi: unataka kuruka huku unalenga. Batani ya kuruka ni ya dole gumba la kulia, na analogi ya kulenga ni ya dole gumba hilo hilo. Lazima uiache moja. Ndiyo maana watu wananunua pedi za bei mbaya zenye batani za mgongoni, kutibu ugonjwa ambao sisi hatunao.

Na jingine: batani zangu nimezipanga mwenyewe. Ya kufyatua nimeikuza, ya kulala nimeisogeza, ya gari nimeifanya ififie isizibe. Pedi uliyonunua dukani batani zake zitabaki pale pale hadi inakufa. Ongeza jairoskopu, unatikisa simu kidogo unarekebisha shabaha. Usiniambie hii ni picha ya batani tu.

Mzee wa Kalamu

Vidole Vinne, hoja ya kuruka na kulenga ni nzito, naiachia nafasi yake. Lakini nijibu mambo mawili.

Moja, COD Mobile ukiunganisha pedi wanakupanga na wenzako wa pedi. PUBG Mobile ukiicheza kwenye kompyuta kwa njia yao rasmi wanakutenga na wa simu. Kama kioo kinashindana sawa na pedi na mausi, kwa nini wenye gemu wanajenga ukuta?

Mbili, wateja wa zile triga za kubana juu ya simu ni akina nani? Ni nyinyi wa vidole vinne. Triga inafanya nini? Inakupa kitu cha kubonyeza. Mmeondoka kwenye batani, mkafika mbali, halafu mmeenda dukani kununua batani.

Vidole Vinne

Hahaha mkuu umenivizia. Triga ninazo, zimelala kwenye droo. Zinachelewa na zinaziba spika. Ukuta naukubali kwa mausi, mausi ni balaa jingine. Kwa pedi, mtu wa pedi akija kwetu atalia yeye.

Kitu kimoja nakuunga mkono: jasho. Dar mwezi wa pili, umeme umekatika, feni haizunguki, kioo kinaanza kuona vidole ambavyo havipo. Unalenga kulia, macho yanarukia juu. Tunapaka poda ya mtoto kwenye ncha za vidole, wengine wanavaa vile visoksi vya dole gumba. Kwenye pedi jasho ni uchafu tu, linafutika. Kwenye kioo jasho linacheza gemu na wewe.

Dada wa Gemu

Nyote mnabishana kuhusu gemu za kupigana na mpira. Hakuna anayetaja gemu ambazo watu wengi zaidi wanazicheza.

Subway Surfers ya 2012, kabla yake Temple Run ya 2011. Hakuna picha ya batani ya kumwendesha mkimbiaji kwenye kioo. Unapangusa juu anaruka, chini anainama, pembeni anahama njia. Huhitaji kugusa sehemu maalumu, popote dole lilipo ndipo pa kupangusia. Niko kwenye daladala nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine unacheza. Nipe DS yako na kalamu yake nikiwa Mbagala saa kumi na mbili jioni tuone nani atafika na kalamu.

Mama yangu hajawahi kushika pedi maisha yake yote na hatashika. Nilimpa simu akaanza kupanga peremende bila mtu kumwelekeza. Pedi ina batani zaidi ya kumi na kila moja ina jina lake. Ukimpa mtu mzima unamwambia "bonyeza mraba", anaangalia kioo cha tivii kutafuta mraba. Kwenye kioo cha kugusa unachokiona ndicho unachokishika. Hilo mnaliita kupunguza ladha?

Mzee wa Kalamu

Dada, hapo hatuna ugomvi. Kupangusa popote ni kazi iliyobuniwa kwa kidole, haijaigiza kitu. Angry Birds ya 2009 vile vile, unavuta manati, unaachia. Fruit Ninja ya 2010, kidole ndicho upanga. Zote ziko upande wa Kirby.

Na la mama umegusa sehemu yenyewe. Nintendo walimlenga mtu huyo huyo. Brain Age, iliyotoka Japani 2005, unaishika DS wima, imefunguka kitabu, unaandika jibu la hesabu kwa mkono. Nintendogs ya mwaka huo huo unampapasa mbwa. Zile ndizo zilizowauzia DS watu ambao hawajui Mario ni nani. Ila angalia: Brain Age unaandika tarakimu kwa kalamu. Jaribu kuandika 8 kwa kidole kwenye simu ndogo, haraka, muda unahesabiwa.

Dada wa Gemu

Naandika na inasomeka. Mwandiko wako ndio mbovu, umeshakiri ramani yako haisomeki.

Mashoto Tu

Nimesubiri mtu aseme hili sijaona, basi niliseme. Mimi natumia mkono wa kushoto.

Pedi haina kabila, kulia na kushoto kila mkono una kazi yake na unajifunza. Kalamu ndiyo iliyoleta ubaguzi. Metroid Prime Hunters unaweza kugeuza, batani za kulia zikawa msalaba wako, sawa. Kid Icarus: Uprising ndiyo ilinitoa machozi. 3DS ya wakati ule ina analogi moja tu, iko kushoto, mkono wangu wa kalamu ndio unaoihitaji kuwa huru. Suluhisho lao? Ununue Circle Pad Pro, lile dubwana la plastiki la kuivalisha 3DS lenye analogi ya kulia. Pesa nyingine, na mashine inakuwa na ukubwa wa tofali.

Brain Age angalau ilikuuliza unatumia mkono gani, ikakugeuzia kitabu. Simu kwa upande wangu ni bora, nahamisha batani upande ninaotaka. Kwa hiyo kwenye hili niko na Vidole Vinne.

Bosi wa Kibanda

Salaam wakuu. Nina kibanda cha PS, nawaona wote mnaobishana hapa wakija na mia tano zao.

Dogo aliyekulia kwenye simu ukimpa pedi, macho yanashuka kwenye pedi kutafuta batani ya shuti. Anaangalia mikono, mpira unaibiwa. Baada ya mechi kadhaa anaacha. Mtu wa pedi ukimpa simu, macho hayashuki, lakini dole linahama polepole bila yeye kujua, mwisho anabonyeza mahali ambapo hakuna batani na anasema simu mbovu. Wa kwanza anajifunza haraka, kwa sababu pedi inamsaidia, kila batani ina ukingo wake. Wa pili hana cha kumshika mkono, na hata akizoea, akibadilisha simu yenye kioo kikubwa kidogo anaanza upya.

Ila msifikiri pedi ni bure. Analogi zikichoka zinaanza kuvuta zenyewe. Mteja anafungwa, anagoma kulipa, anasema beki kakimbia mwenyewe. Na mara nyingine anasema kweli! Fundi anaifungua, anasafisha, inatulia kwa muda, inarudia. Kioo hakina analogi ya kuchoka. Kioo kikipasuka lakini, hapo ndipo utajua bei ya pedi ilikuwa ndogo.

Wa Nyali

Watu wa Bongo mambo? Niko huku Mombasa, PES za PPSSPP huku pia ndiyo zetu. Sisi tulishamaliza huo ubishi. Waya wa OTG (wa kuchomekea vifaa vya USB kwenye simu), pedi ya USB ya bei ya chini, simu unaiegemeza kwenye kikombe. R inarudi kuwa R. Ukicheza na mtu wa kioo unampiga tano bila huruma, halafu anasema umetumia hila.

Vidole Vinne

@Wa Nyali simu imeegemea kikombe, pedi mkononi, waya katikati. Hiyo bado ni gemu ya mkononi au umefungua kibanda cha Bosi mezani kwako?

Wa Nyali

Ushindi ni ushindi ndugu yangu.

Vita Haijafa

Mleta uzi umeiruka PS Vita, mrithi wa PSP, na ndiyo ushahidi wako mkubwa kuliko wote. Sony waliitoa Desemba 2011 Japani, ina analogi mbili, ina kioo cha kugusa mbele, na wakaweka tachi nyingine mgongoni. Mgongoni! Pale pale vidole vinaposhikia mashine.

FIFA ya Vita, ya mwaka 2012, mgongo ulikuwa goli. Unagusa kona unayotaka, mchezaji anapiga shuti kona hiyo. Wazo zuri sana, na kwa kweli ukilifanya kwa makusudi linaleta raha. Shida ni kwamba unajenga mashambulizi taratibu katikati ya uwanja, kidole kinateleza mgongoni, kiungo wako anapiga shuti la mita arobaini. Niliizima kwenye mipangilio, wengi niliocheza nao walifanya hivyo hivyo. Uncharted: Golden Abyss nayo, unapigana ngumi ghafla unaambiwa pangusa kioo, mara sugua karatasi kwa mkaa, mara elekeza mashine kwenye taa. Ile ni kampuni inakuonyesha imeweka nini ndani.

Ila Tearaway ya 2013 iliiokoa ile tachi ya mgongo. Unasukuma vidole kwa nyuma, na ndani ya gemu vidole vinatokeza vimetoboa ardhi ya karatasi, unawasukuma maadui navyo. Gemu moja. Vifaa viliwekwa kwanza, sababu zikatafutwa baadaye.

Mzee wa Kalamu

Vita Haijafa, asante, hiyo ya shuti la mita arobaini nimeicheka peke yangu. Umeongeza kitu ambacho sikukiweka: mkono wa mchezaji tayari una kazi ya kushika mashine. Kila tachi mpya inaazima kidole kutoka kwenye kazi hiyo.

Ngosha 88

Swali kwenu wajuzi. Switch ya Nintendo ina kioo cha kugusa tangu 2017, mbona sioni gemu zinazokitumia? Ninayo na nagusa kioo nikiandika jina tu.

Vita Haijafa

@Ngosha 88 kwa sababu ya tivii. Switch ukiichomeka kwenye doki, kile kikalio cha kuiunganisha na tivii, kioo kinafichika humo ndani, hukigusi tena. Gemu yoyote inayotegemea tachi inakuwa haichezeki kwenye tivii, na mteja aliambiwa mashine hii inacheza kote. Kwa hiyo watengenezaji wanaitumia kwa vitu vya pembeni. Super Mario Maker 2 ya 2019 ni raha ukijenga kwa kidole ukiwa umeishika mkononi, ukiichomeka kwenye tivii unajenga kwa pedi na unaikumbuka tachi. Na kioo chake ni cha aina ya simu, ile kalamu ya DS haifanyi kazi.

Mzee wa Kalamu

Na ukitazama Switch 2 ya 2025, walipotaka kurudisha shabaha ya nukta hawakurudi kwenye kioo. Wamefanya Joy-Con, kile kipande cha pembeni chenye batani kinachochomoka, ilale kwa ubavu itelezeshwe mezani, iwe mausi. Yale tuliyoyapata kwa kalamu kwenye Metroid Prime Hunters sasa unayapata bila kuziba picha, ila lazima uwe na meza. Kwa mashine ya mkononi, meza ni masharti makubwa. Mimi ningechukua kalamu.

Vidole Vinne

Wewe hata kula ungekula na kalamu.

Dada wa Gemu

😂😂

Kiungo Mkabaji

Wakuu samahani kwa kuwarudisha nyuma. Nimesoma kote ila mimi ni wa simu, sina pedi wala OTG, na R yangu kwenye PES ndiyo hiyo ya kona. Kuna namna? Vidole vinne siwezi, simu yangu ndogo.

Vidole Vinne

Ipo mkuu. Ingia PPSSPP, mipangilio, sehemu ya vidhibiti, kuna pa kuhariri mpangilio wa tachi. Kwanza vuta R uishushe ikae jirani na X, iwe kubwa. Dole gumba halipandi tena hadi kona, linateleza kidogo tu kati ya R na X. Unakimbia na unatoa pasi.

Kama bado inakusumbua, tengeneza batani yako mwenyewe, zile za ziada. Ichagulie R, halafu weka ile hali ya kubonyeza mara moja inabaki imeshikiliwa, ukibonyeza tena inaachia. Unawasha mbio, dole linabaki na kazi ya pasi.

Kiungo Mkabaji

Hiyo ya kuwasha mbio, mchezaji hatachoka?

Vidole Vinne

Atachoka, ukisahau kuizima dakika ya sabini hana pumzi. Na akiwa na mpira mbioni unamtoka mguuni. Kwa hiyo izime ukifika boksi.

Mzee wa Kalamu

Nimeijaribu sasa hivi wakati mnaandika. Hiyo ya R jirani na X inafanya kazi vizuri kuliko nilivyotegemea, ya kuwasha na kuzima imenishinda, nimepiga mashuti matatu nje nikiwa mbioni. Kiungo Mkabaji, ongeza na mtetemo wa batani, upo kwenye mipangilio hiyo hiyo, simu inatingishika kidogo kila ukibonyeza. Chaji inakwenda haraka zaidi, lakini angalau unajua umegusa.

Kiungo Mkabaji

Nimeuwasha. Naingia na Wa Nyali jioni, nitaleta matokeo.

Wa Nyali

Karibu. Kikombe kiko tayari.